Mlezi wa Wincobank

Mtu akiniuliza natoka wapi Uingereza, iwe Mombasa, Muscat au Dubai, nasema Sheffield. Wa rika langu hunitazama tu, wakingoja niongeze jina la mji mwingine wanaoujua. Wa rika la baba yangu hukunja ngumi mbili kifuani, wakatabasamu, wakasema, "Naseem!" Dereva mmoja wa teksi kule Muscat alipunguza mwendo kabisa ili nimjibu kama niliwahi kumwona kwa macho. Nilimwona mara mbili, zote mbili madukani Meadowhall, na mara zote mbili kaka yangu alinishika mkono nisimkimbilie.

Kwenye kipindi chetu cha watu waliotufunza nje ya shule niligusia ndondi kwa nusu dakika hivi, nikapita. Meseji zilizoingia zilikuwa za aina mbili. Wadogo mnauliza Naseem ni nani. Wakubwa mnauliza vipi nimpite haraka hivyo. Basi hii ni ya wote, ila nawaambia mapema kwamba si yeye ninayetaka kumweleza zaidi.

Kwa wadogo, kwa kifupi: Naseem Hamed alizaliwa Sheffield mwaka 1974, wazazi wake Wayemeni. Alikuwa mdogo wa umbo, uzito wa unyoya, lakini ngumi yake ilikuwa ya mtu mkubwa. Aliingia ulingoni kwa kuruka sarakasi juu ya kamba, kaptura yake ya madoadoa ya chui. Alipigana mikono ikiwa chini kiunoni, kidevu amekitoa nje kama anayemwambia mwenzake, haya, gusa. Na mwenzake hakugusa. Mwaka 1995, akiwa na miaka 21, alimpiga Steve Robinson nyumbani kwake Cardiff, raundi ya nane, akachukua mkanda wa dunia wa WBO. Yemen ikamtolea stempu. Nyumbani kwetu, ambako hakuna Myemeni hata mmoja, akawa "mtoto wetu".

Sasa turudi nyuma, tuanze na kilima.

Wincobank iko kaskazini mashariki ya Sheffield. Ni kilima chenye ngome ya watu wa kale juu yake, na nyumba za kawaida za matofali zimeteremka ubavuni. Ukisimama juu ukatazama chini unaliona bonde la mto Don, na bonde lile ndilo lililokuwa tumbo la mji. Humo ndimo chuma cha pua kilipoyeyushwa, kikamiminwa, kikafuliwa, kikakatwa. Hata kile kisichoshika kutu, kile cha vijiko na sufuria zilizoko jikoni mwako sasa hivi, kilianza Sheffield, kwa Harry Brearley, mwaka 1913. Wakazi wa Wincobank walikuwa wakiteremka kwenda kazini asubuhi na kupanda kurudi jioni, au kinyume chake kwa wale wa shifti ya usiku.

Baba yangu alikuwa wa shifti ya usiku. Alitoka Mombasa akiwa baharia, akashuka meli Cardiff, kisha akamfuata ami yangu Sheffield mwaka 1974 kwa sababu ami alimwandikia kwamba huku kuna kazi na hakuna mawimbi. Kazi ilikuwepo kweli. Ilikuwa ile ambayo wenyeji walishaanza kuikimbia, ya joto la tanuri na vumbi na kelele. Waliokuwa wakiifanya usiku, wengi wao walikuwa Wayemeni, ambao walianza kuja Sheffield miaka ya 1950 kutoka Aden na bara yake, wakati ule ikiwa chini ya Mwingereza. Na mmoja wao, mzee aliyekuwa akisukuma vyuma karibu na Baba, alikulia Mombasa, Kibokoni. Baba husema usiku wa kwanza alidhani joto limempanda kichwani, maana alisikia mtu nyuma yake akisema, "We kijana, utaungua, sogea." Kwa Kiswahili safi, ndani ya kiwanda cha Yorkshire.

Hilo huenda likawa sentensi la mwisho alilolisikia vizuri mle ndani. Kiwandani watu walizungumza kwa mikono. Mimi leo kazi yangu ni kupima usikivu hospitalini, na wazee wa bonde lile ninawajua kabla hawajakaa kitini. Nikichora kipimo chao, mstari unatembea vizuri kwenye sauti nene, halafu unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi kwenye sauti nyembamba. Ni alama ya kelele ya miaka mingi. Wanasikia kwamba unaongea; wasichosikia ni unasema nini, kwa sababu herufi kama s, f na th zimeshapotea. Wazee wa Kiyemeni wa Sheffield walilazimika kudai fidia za masikio yao. Baba anasisitiza kwamba Kiswahili anakisikia vizuri kuliko Kiingereza. Nimempima. Ni mapenzi tu.

Nawaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyoifanya ndondi nyumbani kwetu iwe ya sauti ya juu. Televisheni ilifunguliwa mpaka mwisho, majirani wakagonga ukuta, na Mama akafunga mlango wa jikoni.

Kisha chuma kikaanguka. Mwaka 1980 wafanyakazi wa chuma wa nchi nzima waligoma wiki 13, na baada ya mgomo viwanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Hadfields, jina kubwa kabisa la bonde lile, ilifungwa mwaka 1983. Kiwanda cha Baba kilimwachisha mapema zaidi, pamoja na karibu shifti yake yote, kwa kiinua mgongo ambacho mpaka leo akikitaja huonyesha kwa vidole viwili jinsi bahasha ilivyokuwa nyembamba. Akachukua leseni ya teksi. Mahali palipokuwa na Hadfields, mwaka 1990 pakafunguliwa Meadowhall, madukani kule nilikomwona Naseem. Vijana wa Wincobank waliokuwa wafuate baba zao bondeni wakawa hawana pa kuteremkia. Walibaki juu kilimani, kwenye kona za mitaa, na mikono mifukoni.

Na juu kilimani alikuwepo Brendan Ingle.

Huyu ndiye ninayetaka mmjue. Naye alikuwa mgeni. Alizaliwa Dublin mwaka 1940, akaja Sheffield mwaka 1958, akafanya kazi ya chuma kama wengine, akapigana ngumi za kulipwa bila kuwa bingwa wa chochote. Aliishi Wincobank. Kasisi wa kanisa la mtaa, St Thomas, alimwomba afanye jambo kwa ajili ya watoto waliokuwa wakizurura. Brendan akaanzisha shughuli kwenye ukumbi wa kanisa, Newman Road. Shughuli ile ikawa jimu, na jimu ile ikatoa mabingwa wanne wa dunia: Johnny Nelson, Naseem Hamed, Junior Witter na Kell Brook. Wanne, kutoka ukumbi mmoja wa kanisa! Kuna nchi nzima zenye wizara ya michezo ambazo hazijafika hapo.

Ukiingia mle, kitu cha kwanza kukiona si mfuko wa kupigia ngumi. Ni mistari. Sakafuni imechorwa mistari, na mtoto mgeni huambiwa aitembee: mguu huu mbele, ule nyuma, geuka, badilisha, rudi. Si dakika tano. Ni wiki na wiki. Brendan aliamini kwamba ndondi ni miguu kwanza, na kwamba mtu afaa aweze kupigana kwa mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, abadilishe katikati ya hatua ili mpinzani asijue kigongo kinatoka wapi. Baadaye, wakianza kupambana wao kwa wao, walipigana mwilini tu. Kichwani, hapana. Ndiyo maana mle ungemkuta mtoto wa miaka kumi ulingoni na bingwa wa nchi, mtoto anarusha, bingwa anakwepa, na hakuna anayerudi nyumbani na kichwa kinachovuma.

Kaka yangu alikwenda huko baridi mbili, mwaka 1995 na 1996, kama nusu ya wavulana wa mji baada ya usiku ule wa Cardiff. Baba alimpeleka kwa teksi na kumsubiri nje, mita imezimwa, jambo ambalo kwa Baba ni sadaka kubwa. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilikaa kiti cha nyuma na kitabu cha rangi. Siku moja wakaniacha niingie kwa sababu ya baridi. Nilichokiona ndicho kilichonibakia kuliko pigano lolote la televisheni: mara kwa mara mtoto aliitwa apande ulingoni, asimame katikati, aimbe. Ndiyo, aimbe. Wimbo wa kitoto wa shuleni, mbele ya wanaume wenye pua zilizovunjika. Hiyo ilikuwa njia ya Brendan ya kumtoa mtu aibu. Ukiweza kuimba pale, utaweza kusimama popote.

Ikafika zamu ya kaka. Akasahau nyimbo zote za Kiingereza alizowahi kuzisikia. Akaimba ule ambao Mama alikuwa akituimbia tukiogeshwa, wa Kilamu, wote, mpaka mwisho, macho ameyafumba. Hakuna aliyeelewa neno. Walimpigia makofi, na mtu mzima mmoja akampa mkono. Kaka yangu, ambaye shuleni alikuwa akijifanya hajui Kiswahili kabisa, alitoka pale kichwa juu. Garini akataka Baba amfundishe ubeti aliouruka.

Lakini bingwa wa Baba na Ami, kabla ya Naseem, alikuwa Herol Graham. Hapo tukae kidogo, kwa sababu Google itawapa Naseem bure, na Herol itabidi mwambiwe.

Herol Graham alizaliwa Nottingham mwaka 1959, akaja Sheffield kwa Brendan. Alikuwa wa mkono wa kushoto, mrefu, mwembamba, na hakupigika. Simaanishi alikuwa hodari wa kujikinga. Namaanisha hakupigika. Brendan alikuwa akimzungusha kwenye klabu za wafanyakazi, zile za bia na bingo, anamsimamisha Herol mikono nyuma ya mgongo, kisha anawaita wanaume: anayeweza kumgusa uso na aje. Ami yangu, ambaye bia hakunywa ila klabu alikwenda kwa ajili ya kuonana na wenzake wa kazi, alikuwepo usiku mmoja. Anasema walipanda wafua chuma watatu, watu wenye mikono kama mapaja, wakarusha mpaka wakachoka, wakaishia kucheka na kumkumbatia. "Ni kama kupiga kivuli cha mtu aliyeko nyumba ya pili," husema Ami.

Alikuwa bingwa wa Uingereza, wa Jumuiya ya Madola, wa Ulaya. Mkanda wa dunia ndio ulimkimbia. Mwaka 1989 alipigana na Mike McCallum London, akakatwa pointi moja na mwamuzi, akashindwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Mwaka uliofuata, Novemba 1990, alikutana na Julian Jackson wa Visiwa vya Virgin. Pigano lilifanyika Uhispania, kwa sababu Jackson aliwahi kuumia ndani ya jicho na Uingereza haikumruhusu kupigana. Raundi tatu Herol alimchezea Jackson kama paka na nyuzi. Jicho moja la Jackson likavimba likaziba. Daktari akampa raundi moja tu, baada ya hapo basi. Yaani Herol alihitaji kukaa mbali dakika tatu, jambo alilolifanya maisha yake yote, hata mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Badala yake akasogea kumaliza kazi. Jackson, mgongo ukiwa kwenye kamba, akarusha mkono wa kulia mmoja. Herol alikuwa ameshapoteza fahamu kabla hajafika chini.

Kanda ya video ya pigano lile ilikuwa nyumbani kwetu na lebo ya Baba: "USIFUTE." Aliirudia mara nyingi, na kila mara, ikifika raundi ya nne, alimwambia Herol kwa Kiswahili abaki mbali. Nadhani ndani ya Herol Baba alijiona yeye na wenzake wa shifti. Ustadi wote ule, miaka yote ile, na likaja pigo moja ambalo hukulipangia. Hakulisema hivyo, ni mimi ninayelisema. Yeye alisema tu, "Alikuwa anaongoza bwana. Alikuwa anaongoza."

Johnny Nelson ni hadithi nyingine kabisa, na ni ya kuchekesha kidogo mpaka isichekeshe tena. Mtoto wa Sheffield. Mapigano yake matatu ya kwanza ya kulipwa alipoteza yote. Mwaka 1990 akapata nafasi ya mkanda wa dunia pale pale nyumbani, City Hall, dhidi ya Carlos De León, na akaogopa, raundi 12 hakutaka kugusa wala kuguswa. Sare. Mji mzima ukamzomea. Jirani yetu mmoja alikuwa akisema "Nelson" kumaanisha mtu anayechelewa kuvuka barabara. Mtu mwingine angerudi kimya kutafuta kazi nyingine. Nelson aliendelea kupanda kilima kwenda kwa Brendan, akapigana nchi za watu, akapoteza tena, akajifunza, na Machi 1999 akamsimamisha Carl Thompson na kuuchukua mkanda wa WBO wa uzito wa kruza. Aliutetea mara 13 na hakunyang'anywa ulingoni mpaka alipostaafu. Kaka yangu humtaja kila mtoto wake anapofeli mtihani, mpaka watoto wamechoka na jina hilo.

Sasa Naseem.

Duka la baba yake lilikuwa hatua chache kutoka jimu. Brendan alikuwa akisimulia kwamba alimwona kwanza kutoka ndani ya basi: mtoto wa miaka saba hivi, shuleni, amezungukwa na wavulana watatu wakubwa, na hawampati. Anakwepa, anapiga, anaruka. Kuanzia hapo akawa mle ukumbini karibu kila siku, akakulia mle. Mistari ya sakafuni, kubadilisha mkono, kupigana na watu wazima mwilini tu, ujasiri wa kusema mbele ya watu, yote yale mliyoyaona duniani mnayaita maringo ya Naseem, yalifundishwa Newman Road. Mwaka 1994 aliupata mkanda wa Ulaya hapa hapa Sheffield. Mwaka 1995 Cardiff. Desemba 1997, New York, Madison Square Garden, pigano lile na Kevin Kelley ambapo wote wawili waliangushana kama watoto kwenye barafu, mpaka Naseem akamaliza raundi ya nne.

Halafu, mwaka 1998, baada ya kumshinda Wayne McCullough, yeye na Brendan wakaachana. Kulikuwa na fedha ndani yake, mgao wa meneja, na kulikuwa na maneno yaliyoandikwa na kusemwa. Miaka kumi na saba hivi, tangu basi lile, ikakatika.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilidhani wazazi wangu nao wataachana, jinsi walivyogombana juu ya watu wawili wasiowajua.

Mama alikuwa upande wa Brendan, moja kwa moja. "Shukrani ya punda ni mateke," alisema, akaendelea kukanda unga kana kwamba unga ndio uliokosa. Mama alizaliwa Lamu, mamake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa na khaloo yake ambaye hakuwa na watoto. Kwa Mama, aliyekulea amekulea. Humpimii kwa kalamu. Khaloo alipozeeka Mama alituma pesa kila mwezi kutoka kazi ya kufagia ofisi, na sisi tukavaa viatu mpaka vikachanika.

Baba alikuwa upande wa Naseem, na hakuwa na haya nao. "Nani anapigwa ngumi?" aliuliza. "Brendan anapigwa ngumi? Anayepigwa ndiye anayejua thamani ya pesa." Mama akasema Brendan amemfunza bure tangu ana meno ya maziwa. Baba akasema hata msimamizi wa kiwanda alimfunza kazi, akamwita mwanangu, akamgonga bega kila Krismasi, na siku ya bahasha hakutokea. "Wakikuita mwanangu, tazama wameandika nini," alisema Baba. Nimeisikia sentensi hiyo tangu wakati ule kabla ya kila mkataba nilioweka sahihi.

Mnaona sasa walikuwa wanagombania nini.

Kwa Kiingereza magazeti yalimwita Brendan kocha, meneja, mkufunzi, na mara nyingine "kama baba". Mama hakutumia hata moja. Alisema mlezi. Nililifikiria neno hili sana tulipokuwa tunaandaa kipindi kile, kwa sababu wengi wenu mliniambia hamna la kuwekea Kiingereza. Mlezi si lazima akuzae, na si lazima alipwe. Tunasema kulea mimba, kulea mtoto, kulea kipaji. Hata mama akimdekeza mtoto tunamwambia, unamlea sana. Ni neno la mikono, la kushika kitu kisianguke. Tatizo lake, na hapo Baba ana haki yake, ni kwamba halisemi kazi inaisha lini. Kocha ana mkataba wenye tarehe. Mlezi hana. Sasa mtoto akishakuwa bingwa wa dunia na fedha ni nyingi kuliko kiwanda kizima, mtu mmoja ni mlezi na meneja kwa pamoja, yupi kati yao anayedai? Sidhani Brendan alikuwa na kosa kutaka haki yake ya kazi. Sidhani kijana wa miaka 24 alikuwa na kosa kutaka kuhesabu mwenyewe. Ila nikilazimishwa kuchagua upande, nakaa na Mama, karibu na unga. Naseem alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu anayeweza kumwambia "hapana, rudi kwenye mstari".

Ilionekana Aprili 2001, Las Vegas. Huku ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Naseem, wakufunzi wapya, glavu mpya, dhidi ya Marco Antonio Barrera wa Mexico. Barrera hakufanya ajabu lolote. Alisogeza miguu yake vizuri, alisubiri, akapiga moja, akaondoka. Raundi 12. Katika ile ya mwisho alimshika Naseem akambamiza kichwa kwenye kona ya ulingo, akakatwa pointi, na hata hiyo haikubadilisha kitu. Ilikuwa mara yake ya kwanza na ya pekee kushindwa. Alipigana mara moja tu baada ya hapo. Rekodi: ushindi 36, kushindwa 1. Baba alizima televisheni, na kwa mara ya kwanza nikausikia ukimya wa sebule yetu saa hizo.

Sikusikitika sana, nikiwa mkweli. Miaka saba kabla, Robert Wangila, Mkenya wetu aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, alikufa Las Vegas hiyo hiyo baada ya kupigwa ulingoni. Alikuwa na miaka 26. Ami alikuwa na picha yake ukutani na hakuitoa, ila aliacha kutazama ndondi moja kwa moja. Alingoja asikie kwanza kama wote wawili wametoka kwa miguu yao. Kwa hiyo bondia anayeacha mapema, akiwa bado anajua jina lake, mimi namwona kama mshindi, mkanda au bila mkanda. Ninaowapima kazini wananikumbusha kwamba mwili hauna akiba ya pili.

Mwaka 2006 Naseem alifungwa miezi 15 kwa kuendesha gari kwa hatari, katika ajali ya hapa hapa Sheffield iliyomuumiza vibaya mtu mwingine. Siku zile sikumsikia mtu yeyote nyumbani akisema "mtoto wetu". Akawa "yule Naseem". Mwaka 2015 akaingizwa kwenye jumba la mabondia mashuhuri kule Marekani, naye akarudi kuwa wetu. Mama aliliona hilo kabla yangu. "Mtoto wenu wa sikukuu," alimwambia Baba.

Brendan alifariki Mei 2018. Baba aliyapata habari kwenye redio ya teksi, siku chache kabla hajastaafu. Alirudi, akakaa, akasema, "Alikuwa mtu wa kazi." Mama alisubiri aendelee, hakuendelea, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini suala lile halikufunguliwa tena usiku huo.

Kaka yangu sasa ana miaka zaidi ya arobaini na kitambi cha heshima. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi, anakutana na watoto wa mtaa kwenye ukumbi wa kukodi karibu na msikiti, wa Kisomali, wa Kiyemeni, wa Kislovakia, wetu wawili watatu, wavulana na wasichana. Amebandika mistari sakafuni kwa utepe wa rangi kwa sababu ukumbi haumruhusu kupaka rangi. Hawapigani, wanatembea tu na kugeuka, na mwisho mmoja anaimba. Alipotueleza chakulani, Mama alimuuliza kama watoto wanapewa chochote cha kula kabla hawajarudi kwao. Akasema ndiyo, ndizi na maji.

Baba, ambaye mashine zake za masikio nilikuwa nimemrekebishia asubuhi ile, akainua kichwa. "Na wazazi wao," akauliza, "mmeandikiana?"

"Bado, Baba."

"Andikianeni."